Nani Husoma Kwanza: Anne Enright, Kezilahabi na Darasa la Riwaya

Mwaka 2018 UCD, chuo kikuu cha Dublin alikosoma James Joyce, kilimpa Anne Enright cheo cha profesa wa bunilizi. Wakati huo alikuwa na riwaya sita, mikusanyiko ya hadithi fupi, kitabu cha insha juu ya uzazi, na Tuzo ya Booker aliyoipata mwaka 2007 kwa The Gathering. Alikuwa pia ndiyo kwanza amalize miaka mitatu akiwa mwandishi wa bunilizi wa taifa, mtu wa kwanza kushika nafasi hiyo Ayalandi. Kazi aliyopewa chuoni haikuwa ya historia ya fasihi wala nadharia za uhakiki. Aliajiriwa kufundisha watu kuandika hadithi.

Kwetu cheo cha namna hiyo hatujakizoea, ingawa walimu wenye riwaya hatujawakosa. Euphrase Kezilahabi alifundisha Dar es Salaam, kisha Botswana. Said Ahmed Mohamed alifundisha Nairobi, Osaka na Bayreuth. Ken Walibora alifundisha Wisconsin. Kyallo Wadi Wamitila amekuwa mhadhiri Nairobi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja anayeandika kwa Kiingereza, alikaa Chuo Kikuu cha Kent hadi alipostaafu mwaka 2017, miaka minne kabla ya Tuzo ya Nobeli. Hawa wote wanajua riwaya inavyojengwa kutoka sentensi ya kwanza, lakini walipoingia darasani kazi yao kubwa ilikuwa kufundisha uhakiki: kuchambua vitabu vilivyokwisha kuchapwa. Naamini tofauti hiyo imeacha alama kwenye riwaya zenyewe, na ndiyo ninayotaka kuifuatilia kwa kumweka Enright kando ya Kezilahabi.

Enright alizaliwa Dublin mwaka 1962. Akiwa msichana alipata ufadhili wa kusoma kwenye chuo cha Pearson, kisiwa cha Vancouver, Kanada, kisha akarudi kusoma Kiingereza na falsafa katika chuo cha Trinity. Alipotimiza miaka 21 familia yake ilimpa taipureta ya umeme. Halafu akaenda Norwich, Uingereza, kwenye Chuo Kikuu cha East Anglia, kusomea shahada ya utunzi iliyoanzishwa mwaka 1970 na Malcolm Bradbury na Angus Wilson. Mwanafunzi wa kwanza wa shahada hiyo alikuwa Ian McEwan. Enright alifundishwa na Bradbury na Angela Carter. Kwa walimu kama hao mtu angetazamia atoke na riwaya mkononi. Haikuwa hivyo. Alirudi Dublin akaajiriwa na televisheni ya taifa, RTÉ, akawa mtayarishaji wa kipindi cha usiku kilichoitwa Nighthawks, baadaye vipindi vya watoto. Kitabu chake cha kwanza, The Portable Virgin, kilitoka mwaka 1991, nacho ni cha hadithi fupi. Riwaya ya kwanza ilisubiri hadi 1995, alipokuwa amekwisha kuacha kazi ya televisheni.

Nataka kukaa kidogo kwenye miaka hiyo ya kusubiri. Wanaobeza madarasa ya utunzi husema kipaji hakifundishiki. Wanaoyatetea hutaja majina ya washindi wa tuzo waliopita humo. Pande zote mbili zinapima kwa kitabu kilichotoka, na darasa lenyewe halihusiki sana na kitabu kilichotoka. Mwanafunzi huleta kurasa zake, wenzake wamezisoma tangu jana, naye anakaa kimya akisikiliza. Mmoja anasema aya ya tatu imemchosha. Mwingine anasema mama wa kwenye hadithi hazungumzi kama mama, anazungumza kama mtu anayetoa maelezo kwa msomaji. Wa tatu anakiri kwamba alilia pale ambapo mwandishi hakukusudia mtu alie. Anayeandika anapata hapo kitu ambacho akiwa peke yake chumbani hawezi kukipata: anaona sentensi yake ikifika kwa mtu mwingine, au ikishindwa kufika, wakati bado anaweza kuibadilisha. Jambo hilo hukaa mwilini mwa mwandishi kwa miaka mingi, hata pale ambapo mswada aliokwenda nao darasani umekwisha kutupwa.

Waayalandi walikuwa na shule za watunzi karne nyingi kabla Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, hakijafungua warsha yake ya utunzi mwaka 1936. Washairi wa Kigaeli walisomeshwa kwa miaka mingi: bahari za ushairi, nasaba za watawala, visa vya kale. Maelezo yaliyochapishwa mwaka 1722 yanaonyesha siku ya shule hiyo ilivyokwenda. Mwalimu alitoa maudhui na kanuni za kufuatwa. Kila mwanafunzi akaingia kwenye chumba chake kisicho na dirisha, akalala kitandani gizani, akatunga kichwani mchana kutwa. Usiku taa zikaletwa, naye akaandika alichotunga, kisha wote wakakusanyika na kusoma mbele ya walimu, wakasahihishwa. Shule hizo zilitegemea watawala wa Kigaeli. Waliposhindwa vitani Kinsale mwaka 1601, na wakuu wao wakaikimbia nchi mwaka 1607, mfadhili akatoweka, na katika karne hiyohiyo shule zikafa.

Malenga wa pwani yetu hakuwa na jengo la namna hiyo, ila shule alikuwa nayo. Kijana alikaa na mzee, akahifadhi, akajaribu, akakosolewa. Abdilatif Abdalla, ambaye baadaye alifundisha Leipzig, alilelewa na mzee wa ukoo wake, Ahmad Basheikh, aliyekuwa mshairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, alitunga akijua kwamba Lamu kuna watu watakaolichukua shairi lake, walipime mizani, kisha wamjibu kwa shairi la kwao. Kujibizana kulikuwa ndiyo mtihani. Mwaka 1954 K. Amri Abedi aliziweka kanuni hizo kitabuni, katika Sheria za Kutunga Mashairi, na ndiyo maana ugomvi wa miaka ya 1970 juu ya mashairi huru, baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, ulikuwa mkali kiasi kile. Kila upande ulijua kwamba utunzi ni kitu kinachofundishwa na chenye wenyewe. Walichogombania ni nani anayestahili kukifundisha.

Riwaya haikurithi chochote katika hayo. Hakuna mtu aliyesoma sura ya nne ya riwaya yake barazani akangoja kujibiwa. Iliingia kwetu kama kitabu, ikaandikwa na mtu mmoja mezani kwake, ikaenda kwa mhariri, na mara nyingi mtu wa tatu kuisoma alikuwa mtu wa kupanga vitabu vya shule. Said Ahmed Mohamed alijaribu kuliziba pengo hilo kwa Kunga za Nathari ya Kiswahili, kilichotoka mwaka 1995, na kila ninapokifungua naona mwandishi mwenyewe akitoa siri za kazi yake. Lakini kitabu hakiwezi kumsoma mwanafunzi.

Sasa tuzitazame riwaya zenyewe. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. The Gathering ilitoka miaka 36 baadaye. Zote zimetoka kwa Wakatoliki. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, akasoma seminari ya Nyegezi. Jina la riwaya yake limechukuliwa kwenye litania ya Bikira Maria, kama ambavyo kitabu cha kwanza cha Enright kimembeba Bikira huyohuyo kwenye jalada. Katika Rosa Mistika, Zakaria, baba mlevi na mkali, anagundua kwamba binti yake ameandikiwa barua na mvulana, naye anampiga. Rosa anakua akiwaogopa wanaume asijue hata kuzungumza nao, na anapotoka mikononi mwa baba anaangukia mikononi mwa wengine, wakiwemo waliokabidhiwa kumlinda. Mwishowe anajiua. Katika The Gathering, Liam Hegarty, mmoja wa watoto kumi na wawili, anajaza mawe mifukoni na kuingia baharini Brighton. Dada yake Veronica ndiye anayekwenda kuuchukua mwili wake na kuurudisha Dublin kwa ajili ya mkesha. Usiku, mumewe amelala, anaandika akitafuta mzizi wa kifo hicho, na utafutaji unampeleka kwenye nyumba ya bibi yao, mwaka 1968, na kwa mwanamume aitwaye Lambert Nugent aliyekuwa akija pale.

Swali ni moja: kwa nini mtoto wa nyumba inayosali anakufa kwa mkono wake mwenyewe? Wote wawili wanalijibu kwa kugeuka kuwatazama wakubwa. Msimulizi wa Kezilahabi anajua. Anaona ndani ya kila mtu, anatuelekeza kwenye malezi ya Zakaria, na mara nyingine anatoa hukumu waziwazi. Veronica hajui. Jambo alilodhani aliliona akiwa mtoto huenda aliliona, huenda amelijenga baadaye, na pale ambapo hana kumbukumbu anabuni: anamwandikia bibi yake ujana mzima, akianzia kwenye hoteli moja ya Dublin mwaka 1925, huku akituambia kwamba anabuni. Namna hii ya kusimulia inatesa, na kwa jambo kama lile la nyumbani kwa bibi naona ndiyo ya haki, kwa kuwa aliyeumizwa utotoni mara nyingi hana ushahidi mwingine zaidi ya kumbukumbu yenye mashimo. Lakini uhakika wa Kezilahabi nao ulikuwa na ushujaa wake. Mwaka 1971 kusema kwa uhakika kwamba baba ndiye aliyemharibu binti lilikuwa tendo, na Rosa Mistika ilizuiwa mashuleni Tanzania kwa muda.

Ayalandi walikuwa wamepita hapo miaka michache kabla. John McGahern, mwalimu wa shule ya msingi Clontarf, alichapisha The Dark mwaka 1965, riwaya ya mvulana anayekua chini ya baba mkatili. Bodi ya udhibiti, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1929, ikaipiga marufuku, na mwandishi akapoteza kazi yake ya ualimu. Edna O'Brien alikuwa amepigwa marufuku tangu The Country Girls ya mwaka 1960. Miaka 53 baada ya kumfukuza mwalimu kwa sababu ya riwaya, nchi hiyohiyo ikampa mwandishi wa riwaya kiti cha profesa kwa sababu ya riwaya. Katikati kulikuwa na hatua zinazojulikana: sheria ya udhibiti ililegezwa mwaka 1967, mapato ya waandishi na wasanii yakasamehewa kodi mwaka 1969, na mwaka 1981 likaanzishwa Aosdána, jumuiya ya wasanii ambayo wanachama wake wanaweza kupata posho ya kuwawezesha kufanya kazi. Serikali iliyokuwa ikiogopa riwaya ilijifunza kuilipa.

Mambo yananoga zaidi unapozifuata kazi za hawa wawili kwa miaka. Enright alianza na maajabu. Katika The Wig My Father Wore, ya mwaka 1995, malaika aliyejiua zamani anabisha mlango wa mtayarishaji wa kipindi cha televisheni, anahamia kwake, anaanza kupaka rangi kuta. Kutoka hapo alisogea taratibu kuelekea nyumbani, hadi The Green Road ya mwaka 2015, ambako ajabu kubwa ni Rosaleen Madigan, mama wa watoto wanne kule Clare, anayepanda kitandani na kugoma kushuka kwa sababu mwanawe Dan ametangaza kwamba anataka kuwa padri. Mama aliyelala, ngazi, mtoto wa mwisho anayetumwa dukani kwa dawa: Enright anajenga sura nzima kwa vitu hivyo, na msomaji yeyote aliyewahi kuwa na mama aliyenyamaza kwa hasira anaijua nyumba hiyo.

Kezilahabi alikwenda upande wa pili. Alianza nyumbani, kwa Rosa na baba yake. Akaendelea na Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka ya mwaka 1979, zote zikiwa bado na vijiji, shule na siasa tunazozitambua. Kisha riwaya zikanyamaza kwa miaka kumi na moja. Katikati alipata uzamivu Wisconsin mwaka 1985, kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi. Aliporudi kwenye riwaya, na Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, nyumba ilikuwa imetoweka. Msafiri anapita kwenye nchi iliyokauka, wakati umevunjika, wanafalsafa waliokufa wanazungumza.

Naipenda Nagona. Naiona kuwa kazi ya ujasiri kuliko zote katika nathari yetu, na waliomfuata, Wamitila katika Bina-Adamu! na Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka, wamepita kwenye njia aliyoifyeka yeye. Lakini nimeona pia ni nani wanaoisoma: wanafunzi wa shahada za Kiswahili, wakiwa na nadharia mkononi. Mtu aliyeshughulika miaka mingi na maswali ya ufasiri ameandika riwaya inayodai ufasiri, na msomaji wake wa kwanza amekuwa mhakiki. Sidai kwamba ualimu ndio uliompeleka Nagona. Mtu mwenye akili kama ile angefika huko kwa njia yoyote. Wala sidai kwamba kiti cha UCD ndicho kilichomrudisha Enright nyumbani, maana alifika nyumbani kabla ya kiti. Ninachosema ni kwamba Enright, tangu Norwich, kisha kwenye televisheni, alizoea kazi inayopita mikononi mwa watu ikiwa mbichi. Kezilahabi, kadiri ninavyoweza kuona, alipewa mhariri mwanzoni na wahakiki mwishoni, na katikati hakuna mtu.

Katikati hapo ndipo shule zetu zilipokaa. Riwaya ya Kiswahili huishi au hufa kwa kuteuliwa. Kidagaa Kimemwozea cha Walibora kilisomwa na vijana wengi mno wa Kenya kwa kuwa kilikuwa kitabu teule cha sekondari, na ni jambo jema kwamba kilisomwa. Lakini mwandishi anayejua kwamba mlango pekee wa kula kwa kalamu ni uteuzi huanza kumwandikia mteuzi. Anampa mhusika jina linalotangaza tabia yake, anaweka methali mahali pa kuulizia swali, anahakikisha maudhui yanaorodheshwa kwa urahisi. Wapo wanaofanya hivyo kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo nimesoma riwaya ambazo nimeona kabisa mahali mwandishi alipotaka kusema jambo gumu juu ya mama yake au imani yake, akageuza njia, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba pale ndipo hadithi ilipokuwa hai.

Tangu ashike uprofesa Enright ametoa riwaya mbili. Actress ya mwaka 2020 ni ya binti anayesimulia maisha ya mama yake, nyota wa jukwaa. The Wren, the Wren ya mwaka 2023 inanigusa zaidi kama msomaji wa Kiswahili, kwa sababu imemshika mshairi. Phil McDaragh ni mshairi anayeheshimika wa Ayalandi aliyemwacha mkewe mgonjwa na binti zake. Mashairi yake, ambayo Enright ameyatunga mwenyewe, yamepangwa katikati ya sura. Binti yake Carmel na mjukuu wake Nell wanaishi na urithi huo: shairi zuri la baba, na baba asiyekuwepo. Nell ni kijana wa leo, anaandika vipande vya mtandaoni ili apate kodi ya nyumba, na sauti yake ina uchangamfu ambao sikuwahi kuusikia kwa wasimulizi wa Enright waliotangulia. Nathubutu kuona hapo matunda ya kukaa mwaka baada ya mwaka na kurasa za vijana.

Kwetu mshairi anayemtungia mtoto ana sura nyingine kabisa. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, mwenyewe akiwa mgonjwa, kumpa wosia wa maisha. Shaaban Robert aliacha Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana. Shairi la mzazi ni mali, linahifadhiwa, linapita kizazi hadi kizazi. Ukisoma The Wren, the Wren ukitoka kwenye tenzi hizo, unajikuta ukiuliza swali ambalo tumeliuliza kwa nadra: binti aliishije na wosia ule? Alipoikunja karatasi, alikwenda kuishi maisha gani? Riwaya ya Kiswahili inayomfuata binti wa malenga hadi uzeeni ingekuwa kazi ya kusisimua, na ingehitaji mwandishi anayeruhusiwa kukosea mara nyingi kabla ya kupatia.

Kuna upande mmoja zaidi wa kazi ya Enright. Mihadhara yake ya miaka ya uandishi wa taifa ilichapwa na UCD mwaka 2019 katika kitabu kiitwacho No Authority. Katika mmoja alimsoma Antigone wa Wayunani, msichana aliyekataa kaka yake aachwe bila kuzikwa, kando ya Tuam, mji ulio katika kaunti ya Galway, ambako mtafiti Catherine Corless alikusanya rekodi za vifo 796 vya watoto katika makazi ya akina mama wasioolewa yaliyoendeshwa na watawa hadi mwaka 1961, watoto ambao hawakuwa na kaburi linalojulikana. Katika mwingine alihesabu jinsi magazeti ya nchi yake yanavyogawa tahakiki kati ya vitabu vya wanaume na vya wanawake, akaonyesha nani anasomwa na nani. Hesabu kama hiyo ingefaa sana ifanywe kwenye orodha zetu za vitabu teule, tangu uhuru hadi leo.

Tuzo sasa zipo. Ile iliyoitwa Mabati-Cornell ilipoanzishwa mwaka 2014 hupokea miswada ya Kiswahili. Tanzania ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Tuzo huja kazi ikiwa imekwisha. Mshindi hupewa fedha na kupigwa picha, kisha hurudi nyumbani na ujuzi wake wote. Vyuo vya Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Mombasa vingeweza kumkaribisha mshindi huyo kwa mwaka mmoja, vikampa ofisi, mshahara wa mhadhiri na wanafunzi kumi, bila kumtaka afundishe nadharia. Kila wiki wanafunzi wawili wangeleta sura, wengine wangezisoma usiku uliotangulia, na yeye angekaa nao saa tatu juu ya kurasa hizo. Mwisho wa mwaka wangetoa miswada kumi, pengine tisa ikiwa mibovu. Wa kwanza wa kualikwa wangeweza kuwa wale waliostaafu, wangali na nguvu, ambao kwa miaka thelathini walifundisha uhakiki huku riwaya zao wenyewe zikisubiri likizo.